Ndege wa Minza

Enzi zetu pale Didia, sisi tuliosoma miaka ya sabini, msimu wa mtama hukuhitaji saa ya kukuamsha. Kweleakwelea, ndege wezi wa mtama, waliamka na jua, nasi ilitupasa tuwatangulie shambani, juu ya dungu, kombeo mkononi, tukipiga kelele mpaka koo likauke. Watoto wa siku hizi ukiwatuma dukani tu wanauliza kama kuna bodaboda.

Mwaka ule mwalimu wetu wa darasa la tano alitusimulia habari za Mzungu mmoja aliyekwenda hadi mwisho wa dunia, kwenye barafu tupu, kuchunguza wanyama na ndege. Mzungu huyo alichora kwa penseli huku vidole vikimganda, akavipasha moto kwapani, kisha akachora mstari mwingine. Huko ndiko aliko pengwini, ndege asiyeruka, anayetembea wima kama mzee wa kanisa akipita na kapu la sadaka. Mwishowe yule bwana alifia hemani na wenzake, njiani kurudi. Mmoja wetu akauliza huko watu wanachunga nini, na mwalimu aliposema hakuna ng'ombe hata mmoja, tulimhurumia marehemu maradufu.

Dada yangu Minza, tuliyekuwa naye darasa moja, hakuuliza kitu. Kuanzia siku ile alitembea na vipande vya mkaa, akachora ndege kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba yetu: kwale, korongo, chozi, hata kunguru akapata heshima yake. Nilipenda kukaa pale nikimtazama kuliko kula. Mama alipokandika nyumba, upande ule aliuruka.

Balaa lilianzia dunguni. Ndege hachoreki akiruka, basi Minza aliweka kombeo chini akawaacha watue. Wakatua kweli. Baba alipofika, nusu ya shamba ilikuwa masuke matupu. Hakumchapa. Tuliporudi nyumbani alikaa juu ya kinu, akasema polepole:

“Huyo Mzungu wenu alichora ndege kwa sababu kule hakuna mtama. Wewe una wadogo zako wa kulisha.”

Minza aliufuta ukuta mwenyewe, kwa maji na kiganja. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mwaka ule hadi tukaichukia, lakini mimi kilichoniuma ni ule ukuta. Hakuchora tena. Alimaliza la saba, akaolewa upande wa Bulyanhulu, akazaa, akalima.

Juzi nilimtembelea. Sisi kumwona pengwini tulihitaji mwalimu, chaki na kufumba macho. Mjukuu wake alitutolea kundi zima kwenye simu, wakiserereka barafuni. Minza aliisogeza simu karibu na uso, akatulia. Ila watoto wa leo hawakai na kitu. Dole gumba likapita, pengwini wakaondoka, akaja kijana anayecheza muziki.

“Rudisha, mjukuu wangu,” Minza alisema. “Sijaona miguu yao inavyokaa.”