Anwani ya Mama Nilesh

Chumba chetu cha Kilburn kilinuka mafuta ya taa. Jiko dogo la kupashia joto lilikaa katikati ya sakafu, mama upande huu na mimi upande ule, na ukutani kuvu nyeusi ilishuka kutoka darini. Mama aliifuta kwa siki kila Jumapili, na ikifika Alhamisi imesharudi, kama jamaa asiye na haya. Tulishinda na makoti mwilini. Nilikula na koti, nikafanya hesabu za shule na koti, na mama alisali kajifunga kanga juu ya koti lake. Tuliyavua wakati wa kulala tu, tukayatandika juu ya blanketi. Wala sikuona ajabu, nikidhani London nzima inaishi hivyo.

Kumbe haikuwa hivyo. Mama alikuwa mjane, na kazi aliyoipata ilikuwa kusafisha nyumba ya Mama Nilesh huko Stanmore. Mama Nilesh alikuwa Mhindi, jirani yetu wa ukuta mmoja Unguja. Nilesh alipozaliwa mkunga akachelewa, mama yangu ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Mapinduzi yalipopita wao waliwahi kuuza duka wakaja Uingereza na mtaji. Sisi tulifuata baadaye mikono mitupu. Basi jirani akawa tajiri wa mama. Walikunywa chai pamoja, wakachekea mambo ya zamani kwa Kiswahili, kisha mama akapiga magoti akasugua bafu. Treni ilikuwa moja tu kutoka kwetu hadi kwao, lakini kila kituo ulichopita nyumba zilizidi kuachana na miti ikazidi kunenepa. Kule mabomba ya maji moto yalipita kila chumba, na Nilesh alitembea miguu mitupu mwezi wa Januari.

Nilipotimiza miaka kumi na mmoja, mama alikataa nisome shule ya mtaani kwetu, ambayo madirisha yake yalizibwa kwa mbao na mwalimu wa hesabu alibadilika kila mwezi. Aliitaka ile ya Nilesh. Shule ile ilipokea watoto wa Stanmore tu, kwa hiyo akamwomba Mama Nilesh aandike barua kwamba naishi kwake. Nisimnyime haki yake: aliiandika siku ileile. Muhula ule wa baridi nilisoma huko, na jioni nikamngojea mama jikoni kwa Mama Nilesh hadi amalize kazi. Nilichungulia hadubini kwa mara ya kwanza, nikaona ngozi ya kitunguu imegawanyika vyumba vyumba. Nikamwambia mama nitakuwa daktari. Mama alilia, na mimi nikaona raha kuwa mtu wa kuliliwa kwa furaha.

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika Februari. Alasiri moja alikuja Mzungu wa halmashauri, mpole, na faili kwapani, kukagua kama kweli naishi pale. Mama Nilesh aliniita sebuleni nikae karibu na Nilesh. Sebuleni sikuwahi kukaa hata siku moja. Viatu nilivua mlangoni, kwani adabu hiyo nyumba zetu zote zinayo. Koti sikuvua. Halikunijia akilini kabisa, wallahi. Nilikaa pale kwenye kiti laini, vifungo hadi kooni, jasho linanitiririka mgongoni, na yule bwana akaniangalia mimi, akamwangalia Nilesh na fulana yake. Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamjibu hapana, hapa pana joto zuri. Mbona basi sivui koti?

"Sisi hatuvui mpaka wakati wa kulala," nilimwambia.

Bwana yule aliweka kalamu chini. Mama Nilesh ndiye aliyesema, kwa Kiingereza, haraka haraka: "Huyu ni mtoto wa mfanyakazi wangu. Mama yake aliniletea karatasi nitie saini. Sikujua ni ya nini." Nilipoinua macho nilimwona mama kwenye ngazi, brashi ya bafu mkononi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hicho alikielewa. Alisimama kidogo, kisha akapanda tena juu akamalizia bafu lililobaki. Sisi chini tulimsikia akisugua.

Jumatatu sikurudi shuleni. Mama yeye alirudi Stanmore kazini, na akaendelea miaka minne. Nilimchukia kwa hilo, nikamwuliza haoni aibu. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, akaenda kuwahi treni. Tangu siku ile hawakunywa chai pamoja tena.

Udaktari sikuupata, nipo mapokezi ya hospitali, naandikisha wagonjwa. Lakini mume wangu alijaliwa, na tuna nyumba vituo viwili kabla ya Stanmore, mabomba yanapasha joto hadi chooni. Kilburn vyumba vimekarabatiwa kwa wenye pesa, na maskini wamepandishwa maghorofani. Huko ndiko aliko Saada, binti wa shangazi yangu, na mwanawe mwenye pumu kwa sababu ya kuvu ileile. Mwezi uliopita alinipigia simu kuomba atumie anwani yangu, mtoto apate shule ya huku. Nilimwambia siku hizi wanakagua sana, nina kazi ya kulinda, nina wanangu, asinielewe vibaya. Niliyasema kwa upole mwingi. Mama, ambaye sasa anaishi nasi, alikuwa mezani anachambua mchele, na hakuinua uso.

"Mama Nilesh aliogopa kurudishwa kwao, na kwao hapakuwapo tena," alisema. "Wewe unaogopa nini?"

Niligeukia simu nimwite Saada. Alikuwa amekwisha kukata.