Masale ya Ukingoni

Juzi nilikwenda nyumbani Ndungu, nikakuta mto umekula ukingo hadi nyuma ya jiko. Nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, mama akipanda masale ukingoni, tope likinuka, udongo ukimeguka chubwi, chubwi. Nilijua masale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, umwombe radhi, basi sikutulia.

"Mama, mto tumeukosea nini?"

"Hatujaukosea! Nashikiza udongo. Hebu rudi nyuma!"

Baba alikuwa ndiyo kwanza anashuka mlimani, kwenye chanzo cha mto, alikopasua mbao. Alinisikia. Akatua msumeno, akachukua mche mmoja wa sale, akaupanda mwenyewe. Sikujua bado kwamba miti aliyoikata kule chanzoni ndiyo iliyokuwa ikiyatuliza maji. Nilidhani anamsaidia mama tu.