Kibaba cha Tele na Bakuli la Mchunga

Walisema sitamaliza hata muhula mmoja. Jirani zetu wa Junju hawakunong'ona. Waliyasema maneno hayo nikiwa nimesimama papo hapo, mkoba begani. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye sisi watoto tulimwita hawe kama tunavyowaita bibi zetu wote, alisema mtoto aliyelelewa kwa unga wa kuazima hawezi kusoma chuo, maana huko hakuna jirani wa kubishiwa hodi. Mjomba wangu, kaka yake mama, alicheka kupita wote aliposikia kwamba ninakwenda kusomea lishe.

"Kula nako kunasomewa?" aliuliza mbele ya watu. "Basi mimi nipewe uprofesa."

Nilicheka pamoja nao, kisha nikaenda zangu. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kuosha masufuria katika hoteli moja ya Kikambala, likizo baada ya likizo, mpaka kucha zikawa laini kama za mtoto mchanga. Stashahada niliipata, tena si ya kuponea chupuchupu. Nikavuka bahari kwenda Ghuba, kwa Waarabu, nikapewa kazi katika jiko lililolisha vibarua wengi kuliko watu wote wa Junju, na mimi ndiye niliyepanga wale nini. Leo wale wale walionicheka hunisimamisha njiani kuniuliza kama mwenye sukari anaruhusiwa embe. Mjomba mwenyewe ameniuliza mara mbili. Haya nayasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mengine nitakayoyasema hayanipendezi vivyo hivyo.

Niliporudi nyumbani, mama alitoka kunipokea. Kutoka mlangoni mpaka penye ua wa makuti ni hatua chache, naye alipumzika mara mbili. Nilipoushika mkono wake niliona viganja vimekuwa vyeupe. Sikungoja kunywa chai. Nilimfunua ukope wa chini, nikaona mle ndani hamna wekundu. Kesho yake tulikwenda zahanati. Wakampima, wakasema damu imepungua, wakampa vidonge, na muuguzi akamsihi ale mboga za majani kila siku. Mama aliitikia kwa kichwa. Namjua. Vile ndivyo anavyoitikia jambo ambalo hana nia ya kulifanya.

Nikaanza kazi yangu. Ghalani nilikuta marobota ya unga mweupe wa dukani, ule niliokuwa nikimtumia pesa anunue. Nilikuta majani ya chai na sukari ya kutosha harusi. Mboga sikuiona. Lakini nyuma ya nyumba, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, mchunga ulikuwa umeota mpaka magotini, ile mboga chungu inayojiotea yenyewe kati ya mahindi, na kuku ndio waliokuwa wakiudonoa.

Niliuchuma, nikaupika, nikasonga na sima, nikaviweka mbele ya mama katika sahani mbili. Kisha nikamweleza. Sima hii, nilimwambia, ni kuni. Mahindi yana wanga mwingi, ndiyo yanayompa mtu nguvu ya kushika jembe, na kwa hilo hakuna mboga itakayoshindana nayo. Lakini unga huu mweupe umekobolewa na kuchekechwa mpaka kiini na kapi vimekwenda kulisha ng'ombe wa watu, na hata yale madini yanayotiwa humo kiwandani hayamtoshi mtu mwenye upungufu wa damu. Mchunga nao ni kinyume chake. Ukila sahani nzima utatafuta chakula tena kabla ya adhuhuri, ila mna madini ya chuma yanayojenga damu, na vitamini ambazo sima haizijui. Ukiukamulia ndimu, chuma kile kinaingia mwilini vizuri zaidi. Ukiteremshia chai ya rangi, unakizuia. Nilizungumza vizuri. Kule Ghuba nikizungumza hivyo watu walikuwa wakiandika.

"Umemaliza?" mama aliuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Mboga ni ya kuteremshia sima, baba. Nami leo nina samaki."

Akala sima kwa kipande cha samaki, akaomba chai. Nilipogeuka kuchukua maji ya kunawa, mchunga ulikuwa umeshakwenda kwa kuku.

Ikawa hivyo siku nyingi. Niliubadilishia mapishi, niliukatakata, niliuficha ndani ya maharagwe, naye aliutenga kando ya sahani kwa ncha ya kidole. Vidonge navyo vilimchafua tumbo, akawa anavimeza siku moja na kuruka mbili. Asubuhi moja nilimkuta ameketi chini karibu na tangi la maji, ndoo katikati ya miguu, maji yamemwagika na kuulowesha upande mmoja wa leso yake.

"Nimekaa tu," alisema. Midomo yake ilikuwa haina rangi.

Nilimbeba. Mama aliyekuwa akitoka kisimani na mtungi kichwani na mimi mgongoni, nilimbeba mpaka kitandani bila kuhema. Pale ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nimepanga chakula cha watu wasio na idadi, na huyu mmoja niliyetaka apone kuliko wote hakufungua mdomo.

Nikamuuliza, si kwa sauti ya mwalimu safari hii, kwa nini hataki kula mchunga aliokuwa akiula maisha yake yote.

"Wewe ulinikataza," alisema.

Nikakana. Akanikumbusha, pole pole, huku akijifunika miguu. Mwaka wangu wa kwanza Ghuba nilimpigia simu nikamuuliza amepika nini. Akasema mchunga. Tulikuwa wanaume sita chumbani, simu yangu ilikuwa na sauti kubwa, na mmoja aliyejua Kiswahili akacheka. Ndipo nikamwambia mama yangu kwamba mama wa mtu mwenye stashahada hali magugu. Kesho yake nikatuma pesa za unga. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo kabisa. Yeye alilitii miaka yote.

Cheti changu cha lishe kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kichwa chake, ndani ya fremu niliyoichonga kwa mkono, nami sikutaka kukitazama.

"Usihuzunike," alisema. "Nilifurahi uliponikataza. Mwaka ule wa ukame, baba yako alipokuwa hayupo tena, nyinyi mlikula nini?"

"Sima."

"Na mimi?"

Nikakumbuka kwamba kila tulipomwita tule alisema yeye ameshakula. Sikuwahi kuuliza alikula nini.

"Mchunga na chumvi," alisema. "Unga ulikuwa wa watu, baba. Niliupima kwa midomo yenu, wangu haukuwamo. Mchunga hauna mwenyewe. Nikiula, hakuna niliyemlia chake."

Kwa mgeni niseme desturi yetu ilivyo. Mahindi huazimwa kwa kibaba, na kwetu kibaba ni kopo lililokatwa mdomo. Anayeazimisha hupima mfuto, yaani anafuta juu kwa kiganja mpaka kopo liwe sawasawa. Anayerudisha hupima tele, mahindi yanapanda kama kichuguu mpaka yanamwagika, na ile nyongeza ndiyo ahsante yake. Mboga haiazimwi wala hairudishwi. Mvua ikinyesha, mtu yeyote huchuma mchunga katika shamba la yeyote, na mwenye shamba humshukuru kwa kumpalilia.

Mama alisema kuna nyumba tatu hajazirudishia mpaka leo. Aliwahi kuwapelekea unga wa dukani, wakaukataa kwa upole: kilichotoka darini hurudi darini, na ule ulikuwa unga wa mwanawe, si wa shamba lake. Mavuno yake mwenyewe yalikuwa madogo. Ameyaweka kidogo kidogo kwenye uchaga, lile dari la fito juu ya jiko ambapo moshi huyalinda na wadudu, lakini sasa hana nguvu ya kupanda kuyateremsha, na mimi tangu nirudi sijamuuliza chochote, kazi yangu imekuwa kumweleza.

"Nikiutia mchunga mdomoni," alisema, "naona bado nadaiwa."

Siku ile ile nilipanda uchagani. Nilishuka mweusi kwa masizi, na mama, aliyekuwa ameegemea mto mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama vibarua wa Ghuba wangeniona hivi, wasingekula nilichopanga. Tulipukuchua pamoja, yeye gunzi moja, mimi manne. Nilitaka kumwambia kwamba punje hizi, zikisagwa bila kukobolewa, zina mema mengi kuliko marobota yake yote ya dukani. Nilimwambia. Siwezi kuacha kila kitu kwa siku moja. Alisema hilo analijua, hata panya wanalijua, ndiyo maana hawayagusi marobota.

Asubuhi iliyofuata nilichukua gunia na kopo, nikaenda nyumba kwa nyumba. Mama alitaka twende wote. Nilimketisha kwenye bodaboda, dereva akaenda mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli, nami nikitembea ubavuni.

Nyumba ya kwanza, mwenyewe anauza nazi barabarani siku hizi. Aliyapokea katika kanga yake, akasema alikuwa ameshayasamehe. Mama akamwambia yeye hakuomba kusamehewa. Wakacheka wote wawili na kupigana vibega. Nyumba ya pili, aliyetuazima amekufa. Mkwewe, mke wa mwanawe, hakujua habari yoyote ya mahindi. Aliyapokea kwa mikono miwili na kuyapandisha darini kwake kabla hata ya kutukaribisha viti.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya hawe, yule aliyesema maneno ya unga wa kuazima. Kabla hatujafika, mama alimwambia dereva asimame.

"Huyu hakunipimia mfuto," aliniambia. "Alinipimia tele. Nilimwambia atapata hasara, akasema watoto hawashibi mfuto."

Nilikuwa nimebeba maneno ya yule bibi moyoni mwangu kama kijiwe kiatuni, nikapanda nayo ndege na kushuka nayo. Sikujua kwamba aliyesema unga ule ni wa kuazima alisema hivyo kwa kuwa ulikuwa wake.

Alikuwa ameketi barazani, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza mimi ni nani. Mama akamwambia.

"Yule wa kusomea kula," alisema hawe.

"Ndiye mimi, hawe."

"Nilisema hutaweza."

"Ulisema."

"Sasa umeweza." Akatafuna asichokuwa nacho mdomoni. "Mama yako mbona anahema?"

Nilipima. Nilijaza kopo mpaka juu, nikapandisha, nikazidi kupandisha, punje zikawa zinateleza na kuangukia miguuni pake. Hakuna kipimo kinachozidi tele. Mama akaniambia basi niyakabidhi kwa magoti, nami nikapiga magoti. Hawe alipitisha kiganja juu ya kile kichuguu bila kukifuta, akikipapasa tu kama anayepapasa kichwa cha mtoto. Kisha akasema shambani kwake mchunga umeshinda mahindi, na kama huyu msomi ana mikono, akamchumie mama yake.

Nilichuma fungu la kujaza kikapu.

Nyumbani mama hakuniruhusu kushika mwiko. Aliketi kwenye kibao cha mbuzi akakuna nazi, akipumzika kila baada ya mikuno kadhaa, na tui likawa tayari. Mchunga akauchemsha kwanza, kama wanavyofanya mama zetu wote, ili apunguze uchungu. Halafu akainua sufuria na kuyamwaga yale maji ya kijani kibichi chini ya mpapai. Najua ni kiasi gani cha vitamini kinakwenda na maji yale. Nina karatasi ukutani inayothibitisha kwamba najua. Nilifunga mdomo, nikamkatia ndimu.

Tulikula sahani moja. Alimega sima ya unga wa uchagani, akachota mchunga, akatia mdomoni na kutafuna muda mrefu akiutazama ua.

"Ni mchungu," alisema.

Akachota tena.