Siku Tuliyompima Akiru kwa Mashine ya Mbuzi

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar, Mkurugenzi wa mradi alinipa cheo cha mratibu, yaani mtu wa kuhakikisha madaktari wa watu, madaktari wa mifugo na watu wa maabara wanajua wenzao wako wapi. "Kazi ni nyepesi, Ekai," akasema. "Wote ni watu wazima." Nyinyi vijana mnaoanza leo, mkiambiwa hivyo, kimbieni.

Tulikuwa tukitafiti tegu wa mbwa, mnyoo anayemwingia binadamu akajenga kifuko cha maji tumboni, kikakua hata mtu aonekane mjamzito. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Sisi tulikuwa na magari matatu, na kila gari na kiburi chake.

Asubuhi moja, nje kidogo ya Kakuma, alikuja mama mfugaji, Akiru, tumbo limemtangulia. Kesho yake familia ilikuwa inahama na mifugo kuelekea Nadapal, mpakani na Sudan Kusini. Asipopimwa siku hiyo tusingempata tena, na kifuko kikipasuka huua. Daktari Mkuu, kiongozi wa madaktari wa watu, akatoa mashine yake ya picha za tumbo. Umeme hakuna. Yeye alidhani jenereta imebebwa na maabara. Maabara walidhani ameibeba yeye. Kumbe ilibaki Lodwar, imefunikwa vizuri na turubai.

Daktari wa Mifugo, ambaye Daktari Mkuu hakuwa amemsalimia tangu Jumatatu, akakohoa. "Mimi ninayo ya betri. Ya kuangalia mimba za mbuzi."

"Bwana, huyu ni binadamu," akasema Daktari Mkuu.

Nikamtafsiria Akiru. Akaniangalia kama mtu anayecheleweshwa. "Mbuzi wangu walipona mikononi mwake. Huyo mwingine ameponya nani?"

Hilo sikulitafsiri. Kipimo kilisuguliwa kwa spiriti hadi kikang'aa, kisha daktari mmoja akakishika, mwingine akabonyeza vitufe, vichwa vimegusana kama watoto wanaochungulia sufuria. Kifuko kikaonekana, kikubwa mno. Mchana huohuo tulimpeleka Lodwar, akapasuliwa, akapona. Nilifurahi sana.

Nilipostaafu waliniomba kanuni za ushirikiano. Sina. Nimeona tu kwamba wakubwa husalimiana upesi mgonjwa akiwa amelala mbele yao.

Akiru bado nakutana naye mjini. "Ejok, Ekai," hunisalimu kwa Kiturkana, kisha humuulizia daktari aliyemwokoa. Mara ya kwanza nilimjibu kuwa Daktari Mkuu alihamishiwa Nairobi.

"Sijamuuliza huyo," akasema. "Nauliza yule wa mbuzi."