Aliyesema Mungu ni Karani

Nimefanya kazi ya redio Bukoba kwa miaka mingi hata watu sokoni hunitambua kwa sauti kabla hawajaniangalia usoni. Kipindi changu kilikuwa cha saa nane mchana, na kilihusu maisha ya kawaida: wakwe, mipaka ya vibanja, yale mashamba ya nyumbani, mnyauko wa migomba, watoto wasiopiga simu nyumbani. Wasikilizaji walikuwa wanapiga na kuingia hewani moja kwa moja. Nasema walikuwa.

Siku ile mada ilikuwa misiba. Niliuliza ni kitu gani kilimuumiza mtu msibani kuliko kifo chenyewe. Simu ya tatu ilitoka Muleba, upande wa Kagoma. Mpigaji alikuwa mjane, mtu mzima. Alinisalimia kwa Kihaya, nikamwomba tuendelee kwa Kiswahili ili wote wamwelewe, naye akaenda taratibu, akichagua maneno.

Mumewe alilala kitandani miaka miwili kwa kiharusi. Kwa miaka hiyo yote, hakuna mwanajumuiya wa kanisani kwao aliyekanyaga pale kusali naye. Alipofariki, viongozi wa jumuiya walifungua daftari la mahudhurio, wakakuta jina lake halina alama, wakasema mtu asiyeshiriki jumuiya hazikwi kwa ibada. Ndugu zake wakamzika kibanjani, bila padri wala katekista. Shemeji yake mmoja alisali Baba Yetu, akakwama katikati kwa kulia, na hakuna aliyemsaidia kumalizia.

“Sasa mimi nasema hivi, mwanangu,” akasema. “Kama Mungu wao anaangalia daftari, huyo si Mungu. Ni karani.”

Ningeweza kumkata. Kitufe kilikuwa pale pale mbele yangu. Nilimwambia, “Pole sana, mama,” nikaweka wimbo.

Kufikia jioni sauti yake ilikuwa imezagaa kwenye makundi ya simu, lakini ile sentensi ya mwisho tu. Mgonjwa, daftari, shemeji aliyekwama, vyote vilikuwa vimekatwa. Kwa kuwa yule mama alizaliwa Mlutheri na kubadili dhehebu alipoolewa, habari ikawa kwamba Mlutheri amewatukana Wakatoliki redioni. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki, nimebatizwa hapa hapa Bukoba. Nilitumiwa ile sauti na watu wa jumuiya yangu ya Buhembe, wakiniuliza nilikuwa wapi wakati Mungu anatukanwa.

Siku ya tatu katekista wa kigango cha yule mama, kanisa dogo lililo chini ya parokia, alikuja kituoni kwetu na wazee wawili. Alikuwa mtu mpole, shati limepigwa pasi, karatasi ya malalamiko imekunjwa mara nne.

“Dada mtangazaji,” alisema, “hatujaja kwa ugomvi. Lakini sheria ya nchi inakataza kuumiza watu katika imani yao. Tumeshafika polisi.”

“Yule mama alikuwa anamlilia mumewe,” nikasema.

“Kulia si kosa. Kumwita Mungu karani ni kashfa.”

Mkuu wangu wa kituo alinitazama kwa namna ya kuniambia nisiongeze neno. Sikuongeza. Na ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza.

Miaka kadhaa kabla ya hapo nilihudhuria semina ya watangazaji. Mtoa mada mmoja alitueleza kwamba kwenye mikutano mikubwa ya mataifa kulikuwa na serikali zilizotaka dunia nzima ikubaliane kuzuia kashfa dhidi ya dini, na nyingine zilikataa, zikisema anayelindwa awe mtu, si mafundisho, kwa sababu mafundisho hayapigwi wala hayafungwi. Tukaambiwa tupige kura kwa mikono, kama zoezi. Nilinyoosha mkono kuunga mkono zuio. Wiki hiyo mama yangu alikuwa ameonyeshwa kwenye simu video ya kijana akichezea ekaristi na kucheka, na alikaa siku mbili hataki kula. Nilitaka yule kijana azuiwe. Sikuwaza hata mara moja kwamba siku moja sheria ya namna hiyo ingemkuta mwanamke wa makamo ya mama yangu.

Tuliitwa polisi kuandika maelezo, mimi na yule mjane, kwa siku moja. Nilishuka Muleba asubuhi. Alikuwa amefika kabla yangu, ameketi kwenye benchi, amejifunga kanga mbili, mikono magotini. Ndiyo mara ya kwanza kumwona.

“Nyegera waitu,” alinikaribisha, kana kwamba lile benchi lilikuwa sebule yake. Kisha akaniuliza, “Wamekusumbua sana kazini?”

Nilikuwa nimejiandaa kumpa pole. Nilijikuta nimepewa mimi.

Askari aliyeandika maelezo alionekana mtu aliyechoka kama sisi. Alimsomea malalamiko, kisha akauliza, “Mama, ulikashifu dini?”

“Nilieleza habari za mume wangu.”

“Ulisema Mungu ni karani?”

“Nilisema wa kwao. Wangu sikumsema.”

Askari aliweka kalamu chini, akajifuta uso. “Mama, nisaidie. Sema uliteleza. Uombe radhi, niandike, urudi nyumbani.”

Nilimwona akihesabu kitu kichwani, labda majirani, labda miaka aliyobakiza kuishi kati yao. Akasema, “Andika kwamba kama kuna mtu ameumia, anisamehe. Na mimi niliumia, andika na hilo.”

Askari aliandika la kwanza. La pili sikuona kalamu ikisogea.

Nje, katekista alikuwa anangoja. Aliposikia limeisha, hakufurahi. Alinivuta pembeni. “Yule marehemu ndiye aliyenisimamia ndoa,” aliniambia. “Utaratibu siuweki mimi. Ningevunja kwa huyu, kesho wangesema nabagua.”

“Ulikwenda kumwona alipokuwa anaumwa?”

Aliangalia barabara. “Nilikuwa na vigango vitatu,” akasema.

Sikumchukia, na nilitamani ningeweza. Safari ya kurudi ingekuwa nyepesi kidogo.

Kituo changu kilisoma tangazo la kuomba radhi siku tatu mfululizo, na aliyelisoma ni mimi. Tangu hapo hatupokei simu hewani. Wasikilizaji hurekodi, nami husikiliza kwanza na kuondoa yale ambayo yanaweza kumuudhi mtu. Mwanzoni nilikuwa naondoa matusi. Baadaye nikawa naondoa malalamiko, kisha maswali. Wiki iliyopita niliondoa kicheko cha mzee mmoja aliyecheka baada ya kutaja jina la mhubiri. Kazi hii hainichoshi mikono, lakini jioni nikifika Buhembe sitaki kusikia sauti ya mtu yeyote, hata ya mume wangu akiniuliza nimeshindaje.

Nilimwona yule mjane mara moja tu tena, sokoni Kemondo, ananunua dagaa. Alikuwa amekonda. Aliniambia jumuiya imemrudisha, anahudhuria kila wiki, na jina lake lina alama zote.

“Sitaki wanangu wahangaike nikifa,” alisema.

Nikamuuliza kama bado anasikiliza kipindi.

“Nilikuwa nasikiliza. Siku hizi kila mtu anaongea vizuri tu,” alisema, huku akifunga mfuko wake wa dagaa. “Yule tuliyekuwa tunamsikia zamani, aliyekuwa anamlaumu mkwewe kwa sababu ya rubisi, ile pombe ya ndizi, amehama?”

Hajahama. Bado anarekodi kila wiki, na humlaumu mkwewe kwa hasira ile ile, ila siku hizi huchanganya na mchungaji aliyebariki ile ndoa, na ni vigumu kumtenganisha mmoja na mwingine bila kufuta vyote. Nilimwambia yule mama kwamba yupo, mzima. Akasema basi, nimsalimie. Tukaagana, yeye akaenda kutafuta gari la Muleba, mimi nikasimama kidogo juani kabla ya kurudi kazini, kwa sababu kulikuwa na rekodi kumi na moja zinaningoja.