Kidole cha Refa wa Banda

Mimi ni mwanamke ninayeijua sheria ya kuotea kuliko wanaume wengi wa Kilosa, na sitaki mtu anibishie. Sikuisoma popote. Niliipata kwa baba yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa refa wa banda.

Nieleze, maana huko kwingine sijui kama wanaye. Banda letu la mpira liko nyuma ya soko, mabati juu na maturubai pembeni, na mimi nauza chai na chapati pale mlangoni huku jicho moja liko kwenye tivii. Mechi za Uingereza zikianza, mle ndani hakuna anayejua kunyamaza. Ameunawa, hajaunawa. Kaotea kwapa, kaotea kisigino. Kocha afukuzwe leo, kocha apewe muda. Siku moja watu walirushiana mabenchi kwa sababu ya penalti iliyotolewa kwenye mji ambao hakuna hata mmoja wao atakayeufikia. Ndipo wenye busara wakakubaliana kwamba banda nalo liwe na refa wake, mtu mzima mwenye filimbi. Akipuliza, mnakaa. Akiamua, imekwisha, hata kama refa wa Uingereza kaamua vingine.

Wakamchagua baba. Alikuwa shabiki wa timu nyekundu, lakini kwenye kuamua hakuwa na timu. Mara ngapi nimemwona akiikatalia timu yake goli ambalo marefa wote wa Uingereza wamelikubali, kisha anakaa chini kimya, amenuna, amejiumiza mwenyewe. VAR, ile ya marefa kutazama marudio kwenye tivii, ilipoingia, na yeye akaongeza mbwembwe. Jambo likiwa gumu alinyanyua mkono wa kulia, akachora tivii hewani kwa kidole kama wanavyofanya wale marefa: mstari wa juu, ubavu wa kulia, mstari wa chini, ubavu wa kushoto. Halafu aligeukia ukuta mtupu, akautazama. Aliutazama muda mrefu, hata wabishi wakaanza kuutazama nao. Ndipo alipotoa uamuzi.

Mshindani wake mkubwa alikuwa mzee mmoja wa kanda ya ziwa aliyehamia upande wa Mikumi na ng'ombe wake na jembe lake. Jumamosi yenye mechi kubwa alipanda basi kuja kwetu, eti mabanda ya Mikumi yamejaa madereva wa malori, na dereva wa lori akikaa kwenye benchi anasinzia tu. Yeye alikuwa timu ya bluu. Alitaniana na baba mpaka wakaacha majina wakaitana mtani, na sisi wote tukamwita hivyo hivyo, Mtani.

"Huyu kocha wenu afukuzwe," Mtani alikuwa akisema kabla hata hajakaa.

"Mpe muda. Hata mapazia ya nyumba hajabadilisha."

"Mabeki watano, tena nyumbani? Mtu gani anajifungia mlango kwake?"

"Anayekujua wewe ukija."

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao. Kisha asubuhi moja kiharusi kikamkuta baba akifunga kamba za viatu, na akawa mtu wa kitandani. Hakusema neno tena. Hata mkono wa kulia, ambao daktari alisema haukuguswa sana, aliuacha umelala juu ya shuka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakukufuata ukipita. Daktari hakunidanganya. Alisema huenda anasikia, huenda hasikii, na yeye hana namna ya kujua.

Basi nyumbani swali likawa moja tu: baba yumo au hayumo?

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa na jibu lake. Yeye anaishi Kidete, kwenye nyumba ya ukoo, na alituma ujumbe kwamba kaka yake aletwe angojee siku yake kwao, karibu na kaburi la mama yangu. Mambo ya uji kwa kijiko, mazoezi ya miguu na safari za hospitali aliyaita kumtesa mtu ambaye ameshaondoka. Nilikasirika sana. Nilimkasirikia kila aliyeingia chumbani akaongea mbele ya baba kana kwamba anaongea mbele ya kabati. Lakini sitadanganya, na mimi nilikuwa naogopa. Kuna siku nilimlisha, nikamtazama machoni, na nisimkute mtu.

Chumba alicholala kina ukuta wenye mstari wa mafuriko. Maji ya mto Mkondoa yaliwahi kuingia, yakaacha alama ya tope usawa wa kiuno, na chokaa haijaweza kuifuta. Juu ya mstari ukuta ni mweupe. Kitanda cha baba kiliuelekea ukuta huo, na filimbi yake niliitundika pale kwenye msumari.

Jumamosi moja alasiri, nyekundu na bluu zilikuwa zinakutana. Nilimwacha baba na jirani nikaenda kwenye chai yangu. Karibu na mwisho wa mechi mshambuliaji wetu wa nyekundu akaanguka ndani ya boksi, refa akatoa penalti, kisha akashika sikio kusikiliza wale wa VAR, na hapo hapo umeme ukakatika mji mzima. Banda likalipuka. Wa nyekundu walisema ni tuta, hakuna mjadala. Wa bluu walisema kajirusha. Simu nazo hazikushika mtandao. Filimbi ya kuwakalisha haikuwepo, na nikaona mikono inaanza kushika mabenchi.

"Twendeni kwa refa," Mtani akasema. Alisema kwa utani, nadhani, lakini walitoka. Watu kama kumi hivi, wakashika njia ya kwetu, nami nyuma yao nimeacha chapati kwenye moto.

Mlangoni kwa baba walinyamaza. Hakuna aliyekuwa amemwona tangu alipolala. Walivua kofia, wadogo wakasema shikamoo, na hakuna aliyeitikia. Mtani ndiye aliyekuwa mbele, amefungua mdomo aanze kueleza.

Hakueleza. Mkono wa baba ulikuwa umeshanyanyuka.

Ulinyanyuka kutoka kwenye shuka polepole, kidole kimenyooka, ukachora: juu, kulia, chini, kushoto. Kisha baba akautazama ukuta mweupe, juu ya mstari wa mafuriko. Sote tuliutazama. Jirani niliyemwacha naye aliniambia baadaye kwamba mkono ulianza kunyanyuka kabla hatujafika barazani. Baba alitazama, macho yakienda huku na huku kama ya mtu anayefuata mpira. Halafu kidole kikapunga upande hadi upande. Hakuna penalti.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Mtandao uliporudi, simu zikasema refa alikwenda kuangalia marudio akaifuta penalti. Wa bluu hawakushangilia. Mtani alikaa kwenye kiti changu cha chai, akaniomba maji, akayashika bila kunywa.

"Binti," alisema, "mtani wangu yumo. Ila sijui yumo wapi."

Mimi nilifurahi mpaka nikalia. Furaha haikukaa, kwa sababu baba hakuacha. Tangu siku ile alichora tivii mchana kweupe, hakuna mpira, hakuna mtu, nikipepeta mchele pembeni yake. Alichora, akaugeukia ukuta, macho yakaanza kwenda. Mara nyingine mdomo ulijikunja kidogo, ule mdomo wake wa kuikatalia timu yake goli. Nilimuuliza, "Baba, unaangalia nini?" Siku moja nilipanda kitandani, nikalaza kichwa changu kwenye mto kando ya chake ili nione anachoona. Niliona chokaa. Kisha kivuli kikapita ukutani, kutoka kushoto kwenda kulia, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Niliinuka kwenda dirishani. Uani kulikuwa na ndoo na kuku. Niliporudi baba alikuwa anapunga kidole: hapana, hapana.

Shangazi alikuja mwenyewe, amechoka na majibu yangu ya kwenye simu. Nilimpigia magoti, shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, na baada ya hapo hatukuwa na adabu sana. Nilimsimulia penalti. Alisema ni mishipa inajirukia, hata kuku aliyechinjwa hurukaruka.

"Basi muulize mwenyewe," nikasema. "Muulize kama anataka kwenda."

Nilisema kwa hasira. Alipovuta kigoda akakaa karibu na kitanda, niliyajutia maneno yangu, maana kama mkono usingenyanyuka ningekosa la kusema, na kesho yake angeondoka naye. Siku hiyo Mtani alikuwepo, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kaka," shangazi akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mdogo mtu. "Twende nyumbani?"

Kisha mkono ukanyanyuka. Baba akachora pande zote nne, akautazama ukuta. Alitazama muda mrefu kuliko penalti. Shangazi, ambaye hajawahi kutazama mpira hata siku moja, aligeuka akautazama naye, na nilimwona akivuta khanga mabegani ilhali kulikuwa na joto. Kidole kikapunga. Hapana.

Shangazi aliinuka. Alikwenda jikoni akakata mchicha, akaupika, akamlisha kaka yake kwa mkono wake. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni kwa baba. "Nisamehe kaka," alisema, "nilidhani umeshatoka."

Baba alikaa nami mpaka mvua za masika. Alasiri moja mvua ilikuwa inapiga bati, tuko wawili tu, akanyanyua mkono. Akachora mstari wa juu. Akachora ubavu wa kulia. Akachora mstari wa chini, na kidole kikasimama pale kwenye kona, kinatetemeka. Nilingoja amalizie. Niliona kucha zimebadilika rangi, nikakishika kile kidole. Kilikuwa baridi sana. Nilikifumbata kwenye kiganja changu nikipashe, nikaushusha mkono taratibu mpaka kwenye shuka. Ukuta alikuwa bado anautazama. Sijui alivuta pumzi ya mwisho saa ngapi, kwa sababu mvua ilikuwa na kelele na mimi nilikuwa nahangaika na kidole.

Hilo la kidole sikumwambia mtu. Halikuwa siri, lilikuwa langu tu.

Tulimzika Kidete, karibu na mama. Shangazi alisema alichokataa ni kwenda kungojea kule, si kulala kule, nikaona ni kweli. Na kama ilivyo msibani kwetu, watani wakapewa uwanja. Mtani alikuja kutoka Mikumi amevaa koti la baba nililompa, filimbi shingoni, akaanza kumwigiza marehemu mbele ya waombolezaji. Alitembea kama baba, akanuna kama baba. Alimpa mchungaji kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Watu walicheka huku machozi yanawatoka, hata shangazi. Kisha akapuliza filimbi, akanyanyua kidole, na wote wakajua kinachofuata.

Mstari wa juu. Ubavu wa kulia. Mstari wa chini.

Akasimama. Watu waliendelea kucheka, wakidhani ni mbwembwe. Mtani aliutazama mkono wake. Aliuvuta kidogo, haukwenda. Halafu mkono ukashuka, taratibu, mpaka pembeni ya koti. Akavua filimbi akaondoka uwanjani, na watani wengine wakadakia mchezo.

Nilimfuata nyuma ya nyumba na kikombe cha maji. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anakisugua kile kidole.

"Mbona hukumalizia?" nikamuuliza.

"Sikuacha mimi, binti. Kuna mtu alinishika kidole." Alikitazama. "Mkono wa moto. Nilidhani ni wewe, nikageuka, nikakuona kule kwa wanawake."

Nilimpa maji. Mikono yangu miwili ilikuwa imekishika kikombe, na alipokipokea vidole vyake vikasikia joto la vyangu, akashtuka, akanitazama usoni. Nami sikumwambia kwamba mkono ule ulikuwa wangu, wa siku ile ya mvua. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nauliza swali moja, na sasa nilikuwa nimejibiwa. Nilipomshika kidole, baba alikuwa yumo.