Vitu vya Kuacha Nyumbani

Mimi ni mtu wa kubeba. Nikienda kuvua trauti, samaki wa mito ya baridi, kwa siku moja, ungedhani nahama. Alhamisi ile nilipotandaza vitu kwenye kitanda cha baba, hata paka alikosa pa kulala: fito tatu za kuvulia, wavu wa mkono, makoti mawili ya mvua, stuli, gambuti jozi mbili, na visanduku vinne vya nzi bandia, wale wa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye ndoana.

Baba alijifunza uvuvi huo akiwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai, Kericho. Ndugu zetu wa ziwani, wanaovuta ngege wa kujaza sufuria, hawajaacha kumcheka mpaka leo. Mtu mzima anadanganya samaki kwa manyoya, wanasema, na akimpata hatoshi ugali. Yeye hucheka nao. Mimi ndiye hukasirika.

Tangu kiharusi kimshike mwaka jana, anaburuta mguu wa kushoto. Hakuwa ameuona mto tena, na nilikuwa nimemwahidi kumpeleka Jumamosi. Lakini pale gari linapoishia, njia inateremka katikati ya majani chai hadi msituni, na wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha sana. Nikashika kiuno, nikasema kwa sauti, "Mzigo ni mkubwa. Lazima tupunguze."

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, akaanza kunisaidia.

"Hiyo stuli toa," akasema. Nikaitoa.

"Hiyo koti ya kijivu pia. Na hiyo gambuti kubwa."

"Na ufito wako wa zamani?"

"Toa tu."

Nikamsifu. Nikamwambia hakuna mvuvi anayejua kupanga safari kama yeye. Nilifurahi kwelikweli, maana vyangu vyote nilikuwa nimeshavitia begini.

Mama akaingia na chai. Amechuma chai miaka thelathini na kupanda na kapu kwenye miteremko ile, kwa hiyo mzigo wa kijinga anaujua kwa macho. Akatazama rundo lililokuwa sakafuni, kisha akanitazama mimi.

"Hizi zenye umetoa ni za nani?"

Nikaangalia. Zote zilikuwa za baba. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walinijua kabla sijazaliwa.

"Baba, sasa wewe utavaa nini huko mtoni?" nikamuuliza.

Alikuwa akitazama mikono yake. "Nilijua utapunguza mpaka unifikie," akasema. "Nikaona nikurahisishie."

Nilimpenda mzee huyo sana, na nilijichukia kwa kiasi kilekile. Nikamwaga begi zima kitandani. Nikarudisha gambuti kubwa, koti la kijivu, na ufito mmoja tu, wake. Nzi nikamwachia achague. Alichukua watatu, akafikiri, akarudisha mmoja. Mama akasema chai inapoa.

Jumamosi tuliteremka polepole, yeye ameshika ufito, mimi nimemshika yeye. Tulipofika penye utelezi alisita, akanitazama usoni kwa muda. Kisha akanilalia kwa uzito wake wote.